Chupa Haifunguliwi kwa Mtoto Mmoja

Nimetukanwa na wanawake wengi katika maisha yangu, na karibu wote niliwatukana mimi kwanza. Nalisema hili mapema ili msomaji asinionee huruma bure. Mimi ni muuguzi wa chanjo katika kituo kidogo cha afya kando ya barabara inayotoka Uvira kwenda Fizi, mlima mgongoni, ziwa mbele ya mlango. Kazi hii nimeifanya zaidi ya miaka ishirini. Watoto niliowadunga zamani sasa wana ndevu, na wengine tukikutana sokoni hunisalimia huku wamejishika mkono.

Kila Jumatano asubuhi akina mama huketi kwenye mabenchi, watoto magotini, nami husimama mbele yao kutoa somo kabla ya sindano. Somo langu lilikuwa maarufu. Mwenzangu kijana, anayepima uzito wa watoto, alikuwa akisema ni afadhali kudungwa mara mbili kuliko kulisikiliza. Nilianza polepole, surua, kupooza, pepopunda, kisha nikimwona mama mmoja ananong'ona na jirani yake, basi, imekwisha.

"Weye pale! Unamwambia nini mwenzako? Sindano inafunga uzazi? Umezaa saba, na wote nimewadunga minye, mimi mwenyewe. Ni uzazi gani huo uliofungwa?"

Benchi zima linacheka, yule mama anainamisha kichwa, na mimi najiona nimeshinda. Jumatano inayofuata haji.

Sababu zao nilizijua zote kwa moyo. Walikuwapo waliosema wazungu wanataka kutupunguza. Walikuwapo waliosema dawa nzuri inabaki Kinshasa, sisi tunaletewa masalio. Mama mmoja wa chumba cha maombi aliniambia damu ya Yesu inatosha, nikamwuliza, kama inatosha, mbona amekuja na mwavuli. Wengine hawakuwa na maneno makubwa. Mtoto alipata joto baada ya sindano, akalia mpaka asubuhi, baba yake akasema basi. Hao nao niliwaita vichwa vigumu. Kwenye ripoti ya mwezi kuna mahali pa kuandika kwa nini watoto fulani wamekosa chanjo, na mimi, mwezi baada ya mwezi, niliandika neno moja: ujinga. Nilikuwa na mwandiko mzuri.

Sasa niseme ya kule nyuma. Nyuma ya chumba cha sindano tuna stoo ya dawa, na ndani ya stoo kuna meza, termosi ya chai, na sisi. Pale ndipo wauguzi husema wanachokiwaza kweli. Jamani, sindano tatu kwa mtoto mmoja, siku moja, si nyingi? Na hii mpya, walioitengeneza wanawapiga sindano watoto wao? Tulikuwa tukisema hivyo huku tunakunywa chai, kisha tunanawa mikono, tunatoka kwenda kuwafokea waliokuwa wakisema hayo hayo kwenye benchi. Hakuna aliyeona kasoro.

Chanjo ya korona ilipofika, amri ilisema wauguzi watangulie ili raia waone mfano. Mkuu wetu, ambaye tunamwita titilere kwa sababu ndicho cheo chake, alikohoa, akasema yeye ana presha. Yule kijana akasema bado hajaoa, na kuna video ameiona kwenye simu. Mimi nikasema nina aleji. Aleji ya nini, hakuna aliyeuliza; tulikuwa na heshima. Ofisi ya juu ilitaka majina ya waliochanjwa, basi tukajaziana kadi. Mimi nilijaza ya titilere, titilere akajaza yangu, na dawa ikaenda kwenye shimo la taka. Kadi ile ilinifaa sana, maana wakati ule mtu wa kwenda Bujumbura bila kadi alirudishwa mpakani. Nilivuka, nikanunua vikwembe viwili vya kuvaa, nikarudi. Jumatano iliyofuata nikawaambia akina mama kwamba anayeikataa chanjo anacheza na uhai, na sauti yangu haikutetemeka hata kidogo. Mungu anisamehe.

Nina binti mmoja tu. Miaka michache baada ya hayo aliolewa kule Luberizi, kwenye bonde la Ruzizi, na kijana anayelima mpunga. Akazaa msichana, mjukuu wangu wa kwanza. Kila alipokuja kunitembelea nilinyoosha mkono mlangoni: kadi kwanza, salamu baadaye. Kadi ilikuwa safi. Kila chanjo na tarehe yake, kila tarehe na sahihi yake, na sahihi yenyewe ni ya muuguzi niliyemfundisha kazi mimi alipokuja kwetu kufanya staji. Niliionyesha kadi ile kituoni. Niliionyesha hata kwenye benchi, Jumatano moja: "Tazameni kadi ya mutoto wa watu wenye akili."

Mjukuu alikuwa na miezi kumi siku binti yangu alipofika kwangu bila kutoa habari. Ilikuwa Alhamisi asubuhi. Alishuka kwenye moto, pikipiki ya abiria, vumbi mpaka kwenye kope, mtoto mgongoni, mfuko mmoja wa nguo.

"Mama, surua imeingia mu uwanja wetu."

Akanieleza akiwa bado amesimama. Mtoto wa jirani, wanaochangia uwanja mmoja, alikuwa amepelekwa kwa nyanya yake Mutarule, akarudishwa Jumanne jioni macho mekundu, anakohoa. Jioni ile watoto wawili walikaa mkeka mmoja, wakala kwenye sahani moja. Jumatano mtoto yule akatoka vipele uso mzima. Alhamisi alfajiri binti yangu akatafuta moto.

"Umefanya vizuri kuja," nikamwambia, "lakini usijitese. Huyu wako amechanjwa. Surua itapita mbali naye."

Akaanza kumfungua mtoto mgongoni. Nilidhani ni uchovu. Nilimpa ugali na ndagala, samaki wetu wadogo wa ziwa, nikaenda kazini na roho nyeupe.

Jioni nilimwogesha mjukuu mwenyewe, kwenye beseni, uani. Mtu wa kazi yangu hamwogeshi mtoto kama nyanya wengine. Mkono unaogesha, jicho linakagua. Chanjo ya kwanza kabisa, ile ya kifua kikuu wanayopewa watoto wachanga, huacha alama ndogo kwenye mkono wa kushoto. Nikauosha mkono wa kushoto. Nikaugeuza kwenye mwanga. Ulikuwa laini, mzima, kama ulivyotoka tumboni. Nikajiambia wapo watoto ambao alama haitoki, na ni kweli wapo. Kisha nikamtazama binti yangu, naye alikuwa akiyatazama maji ya beseni.

"Sindano ya kwanza walimpiga wapi?"

"Mama."

"Nakuuliza, wapi?"

"Hawakumpiga."

"Na ya surua?"

"Hakuna hata moja, mama. Hata moja."

Yoo! Nilipiga kelele mpaka jirani akaja kuchungulia kwenye ua. Nilimwambia yote niliyokuwa nikiwaambia wanawake wa Jumatano, na mengine mapya. Nilimwita kichwa kigumu. Nilimwita mshamba, mimi niliyemlipia shule. Nikamwuliza kama anataka kunizika na aibu. Yeye alimtoa mtoto kwenye maji, akamfunga kikwembe, akangoja nimalize. Ana subira ambayo hakuirithi kwangu.

"Mama," akasema, "na weye ile ya korona walikupiga wapi?"



"Nilikuwa nimekaa pale," akaonyesha kizingiti cha jikoni. "Ulirudi na kadi. Nikakuuliza kama iliuma. Ukacheka. Ukaniambia, mwanangu, hizo ni za watu wa nje, sisi wa ndani tunajuana."

Naapa nilikuwa nimesahau. Neno lile lilinitoka siku moja, mguu mmoja ndani mwingine nje, na mimi nikaendelea na maisha. Yeye alilichukua akalitunza.

"Nikawaza," akasema, "kama mama yangu anadunga watoto wa watu kila Jumatano, na mwenyewe hataki kudungwa, basi kuna kitu wanakijua kule ndani. Hawezi kukisema kwa sababu ni kazi yake. Nikasema minye nimekisikia, inatosha. Yule uliyemfundisha nilimwomba anijazie kadi tu. Hakunibishia. Alifikiri ni weye umenituma."

Akanitazama machoni. "Sasa niambie. Mulikuwa munajua nini?"

Pale ningemjibu yangekwisha pale. Jibu lilikuwa fupi. Lakini mimi, niliyezoea kuwa mwenye majibu, nilishindwa kulitoa mbele ya mtoto niliyemzaa. Nikasema, "Kesho." Nikaanza kuhesabu kwa vidole kama mwanafunzi. Surua ina kaupenyo kamoja: mtoto aliyekaa na mgonjwa, ukimdunga kabla siku tatu hazijaisha, sindano inaweza kuutangulia ugonjwa. Baada ya hapo ni bahati. Walikaa mkeka mmoja Jumanne jioni. Siku tatu zinaishia Ijumaa jioni. Yaani kesho.

Ijumaa nilikuwa kituoni kabla ya mlinzi. Titilere alipofika nilimwambia nahitaji chupa ya surua. Akauliza ni watoto wangapi.

"Mmoja."

Akakohoa. Akaninyooshea kidole ukutani. Pale ukutani, juu ya frigo ya chanjo, kuna karatasi, na kwenye karatasi, kwa wino mwekundu, imeandikwa: CHUPA HAIFUNGULIWI KWA MTOTO MMOJA. Niliiandika mimi. Chupa ya surua ina dozi kumi. Ukishaichanganya na maji yake una masaa sita, zinazobaki unatupa. Kwa kuwa chupa tunazopewa ni chache, desturi yetu ni kungoja watoto wafike angalau watano. Jumatano benchi hujaa vichanga, lakini wa miezi tisa, umri wa sindano ya surua, huwa wawili, watatu, maana mama zao wamesharudi shambani. Wale wawili watatu mimi ndiye niliyekuwa nawarudisha. Rudini wiki ijayo. Kwa nini? Someni ukutani.

"Zimebaki mbili kwenye frigo," akasema titilere, "na sijui lini watatuletea nyingine. Lakini mutoto ni wa nani?"

"Mjukuu wangu."

"Si alichanjwa? Kadi ulituonyesha."

"Kadi ni ya uongo."

Titilere hakuuliza inawezekanaje kadi iwe ya uongo. Tulikuwa wataalamu, mimi na yeye. Alitazama kando, akafunguafungua droo isiyokuwa na kitu, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Leta wengine wanne. Nitafungua."

Wengine wanne nilijua pa kuwapata. Rejista ninayoitunza mimi ina ukurasa wa watoto waliokosa surua, majina na nyumba zao, yaani orodha kamili ya wanawake niliowafukuza. Nilirudi nyumbani kumchukua mjukuu. Nilimwambia binti yangu abaki, apumzike, ningemaliza mwenyewe.

"Mutoto haendi bila minye," akasema, "na minye siendi bila jibu. Lakini twende. Nataka nikusikie utawaambia nini."

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mama kijana anayekaa nyuma ya kituo, si mbali, ukipiga kelele anasikia. Nilijiandaa kwa vita. Nikaanza na sauti ya Jumatano: mutoto wako hana chanjo ya surua, unangoja nini, unajua ugonjwa umefika Luberizi? Alikuwa anatwanga sombe, majani ya mihogo. Akaweka mchi chini taratibu.

"Nilikuja, mama," akasema. "Jumatano mbili. Mara ya kwanza tulikuwa wawili, mara ya pili watatu. Ulituambia turudi. Kisha mihogo ikaanza kule juu, nikashindwa."

Hakukuwa na hasira ndani yake, na hilo ndilo lililonimaliza. Alimwinua mtoto kwenye mkeka, akamfuta makamasi, akamfunga mgongoni, akasimama tayari. Kwenye ripoti yangu mtoto yule alikuwa chini ya neno ujinga. Ningependa anitukane.

Tulipokuwa njiani binti yangu aliniuliza pembeni, "Na huyu ni mujinga?" Nilimwambia aangalie anapokanyaga.

Nyumba ya pili walikataa, hawakufungua hata mlango. Niliwasikia wanacheka ndani. Ya tatu mama alikuwa amekwenda Uvira sokoni. Jua lilikuwa limeshapanda. Nikabaki na nyumba moja niliyokuwa naikwepa, ya mama mzee mmoja, tunayemwita koko, anayeanika ndagala ufukweni. Alikuwa analea wajukuu watatu, mama zao wakiwa kwenye biashara huko Baraka, na wawili kati yao hawakuwa na chanjo ya surua. Mwaka uliopita nilimtoa kituoni kwa kumshika mkono. Alikuwa amewaambia wenzake kwenye benchi kwamba waganga, yaani sisi wauguzi, hawadungwi, wanadunga tu.

Tulimkuta anageuza ndagala kwenye mchanga. Wanawake wengine watano sita walikuwa kando, kila mmoja na samaki wake. Hakuinuka.

"Muganga," akasema. "Umepotea njia?"

"Koko, nimekuja kwa ajili ya wale wadogo. Surua iko nakuja."

"Mm."

"Ni mbaya, koko. Inaua."

"Najua inaua. Nimezika wawili, weye hujazaliwa." Akageuza ndagala. "Nikuulize kitu kimoja, unijibu, nitakuja. Ile ya korona, weye mwenyewe ulidungwa?"

Nilisikia binti yangu akiacha kumbembeleza mtoto. Nilisikia ziwa. Nilikuwa na jibu tayari mdomoni, la kadi na sahihi na tarehe, nimelitumia mara nyingi na halijawahi kuniangusha. Nikatazama jua. Nikamtazama mjukuu wangu, amelala mgongoni mwa mama yake, mdomo wazi.

"Hapana, koko."

"Sikusikia."

Alisikia vizuri sana. Nikapaza sauti. "Hapana! Sikudungwa. Nilijaziwa kadi."

"Kwa nini?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini? Kulikuwa na kitu munakijua?"

"Hatukujua kitu! Mambo ya video. Maneno ya watu. Yale yale munayoyaogopa ninyi, nami niliyaogopa, sikuwa na kingine. Hii ya surua ni tofauti, nimeiona miaka ishirini inafanya kazi, nimeona wodi ikiwa tupu pale palipokuwa panajaa. Hii naijua. Ile sikuijua, nikaogopa, nikasema uongo. Basi. Umefurahi?"

Mama mzee akaacha kugeuza ndagala. Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa kwenye mchanga, akapiga mapaja, machozi yakamtoka. "Njooni musikie! Njooni! Muganga anaogopaka sindano!" Wakaja wote, na mikono ya samaki, wakataka nirudie, nikarudia. Mmoja akaniuliza kama nilikuwa nalia wakati nikiikataa. Mwingine akaigiza titilere anavyokohoa, kwa kuwa walishaelewa, bila kuambiwa, kwamba naye hakudungwa. Nimetoa masomo zaidi ya miaka ishirini na sijawahi kusikilizwa vile.

"Bon," akasema mama mzee akijifuta macho. "Kumbe uko mutu kama sisi. Nitawaleta. Lakini weye ndiye utawabeba, minye miguu inaniuma."

Ndivyo nilivyopita barabara ya Fizi mchana kweupe, mjukuu wa mwanamke niliyemfukuza akiwa mgongoni mwangu, mwingine nimemshika mkono, na nyuma yetu mama mzee na wenzake watatu wananuka ndagala, kila mmoja wa hao watatu na mtoto wake. Mtu wa moto alipunguza mwendo kututazama. Kituoni tulihesabu watoto saba. Titilere alitoka mlangoni, wanawake walipomwona wakaanza kukohoa wote kwa pamoja. Akarudi ndani kufungua chupa.

Mjukuu wangu nilimdunga wa mwisho. Binti yangu alimshikilia, akageuza uso wake ukutani. Mtoto alilia kilio kile kile ninachokisikia kila Jumatano, na mimi nikalia naye, mbele za watu, sikujali. Saa ilikuwa tisa. Nilitoa kadi mpya, nikaandika dozi moja, kwa sababu ilikuwa moja. Ile ya zamani niliichanachana.

Tulianza kungoja. Surua haina haraka, mtu anaweza kungoja wiki mbili. Kila asubuhi nilimpeleka mtoto dirishani, nikamtazama nyuma ya masikio, kwenye paji la uso, ndani ya mashavu. Kila asubuhi binti yangu alisimama nyuma yangu mpaka niseme hakuna kitu. Zaidi ya hapo hakusema. Alipika, alifua, aliitikia mama, ndiyo mama. Nilidhani amekasirika kwa jibu langu, na nikaona ana haki. Nilimwambia usiku mmoja naomba radhi. Akasema, "Nimesikia, mama."

Siku ya sita mume wake alipiga simu. Mtoto wa jirani, yule wa mkeka mmoja, amefariki. Walikuwa wamempeleka hospitali, pumzi ikamshinda. Binti yangu aliisikiliza simu mpaka mwisho, akaiweka mezani, akaenda uani. Alikaa pale na mtoto wake kifuani, na nilipomfuata akaniomba nimwache.

Wiki mbili zikapita, kisha siku mbili nyingine. Mjukuu wangu hakutoka kipele hata kimoja. Alikuwa anakula, anatambaa, anavunja vikombe vyangu. Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Binti yangu akafunga mfuko wake.

Nilimsindikiza mpaka barabarani, mahali moto zinapongojea wasafiri. Alishakubaliana na dereva, mtoto yuko mgongoni, nikafikiri tunaagana. Hapo ndipo alipozungumza, akiwa hanitazami mimi, anatazama barabara ya kwenda mjini.

"Yule mama jirani, mwanawe alipofika miezi tisa, alikuja kuniuliza kama ampeleke kwenye chanjo. Aliniuliza kwa sababu minye ni mutoto wako. Nikamwambia asiende. Nikamwambia mama yangu iko mule ndani, na hadungwi." Akakaza kikwembe kilichomfunga mtoto. "Wiki hizi mbili nawaza narudi kwenye ule uwanja namna gani. Ataniuliza mulijua nini. Mama, nimwambie nini?"

Nina maneno mengi, kila mtu wa pwani hii anajua. Hili halikuwa la kumpa yeye abebe.

Nikaita moto ya pili.

Tulifika Luberizi alasiri. Sikuwa nimebeba kitu, sikuwa nimebadili hata viatu. Mama yule alikuwa amekaa mbele ya nyumba yake, kichwa kimenyolewa, anachambua mchele kwenye ungo. Alipomwona binti yangu aliinuka, akamkumbatia, akamshika mjukuu wangu shavu, akasema asante Mungu, huyu amepona. Kisha akaniona mimi, akanitambua, kwa kuwa alikuwa amesikia habari zangu nyingi. Akaingia ndani haraka, akatoka na kiti, akakifuta kwa kikwembe chake, mara mbili, akakiweka kivulini.

"Karibu, muganga," akasema. "Ukae."

Sikukaa. Nilimwambia nikiwa nimesimama.